Tairi Lisiloisha Nililolipeleka Mgeta

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya kipara. Si kile cha kichwani kwangu, ingawa nacho kinakuja kwa mwendo wake. Nasema kipara cha tairi la nyuma la pikipiki. Mimi ni mwalimu Mikese, mke wangu Skolastika ni muuguzi wa zahanati huko huko, na tunaishi Morogoro mjini. Kila alfajiri tunashika barabara kuu iendayo Dar, mimi mbele, yeye nyuma, malori yakitupumulia kisogoni. Lami ile inakula tairi katikati tu. Pembeni utaona mistari mizima, ukajidanganya kwamba bado lipo, kumbe katikati pameshakuwa laini kama kigoda.

Siku tuliyoanguka kulikuwa na manyunyu. Lori lililokuwa mbele yetu likasimama ghafla, nikashika breki, na pikipiki ikaenda ilikotaka yenyewe. Tuliangukia majanini. Hatukuumia, namshukuru Mungu, lakini Skola alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Habari zilifika Mgeta, kwao Skola, kabla sijamaliza kuosha tope. Jioni mjomba wake akapiga simu. Akasema Jumamosi nipande mlimani, peke yangu, tuzungumze. Wakiona maneno yangu hayatoshi, watamchukua Skola akae kwao mpaka ajifungue. Nilikata simu nikiwa sielewi nimeitwa kama nani. Kwetu Singida mtoto ni wa baba, na hapo maneno yamekwisha. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti ni mjomba. Nilimuuliza Skola kama mwenyewe anataka kwenda. Akasema hajui, kwanza nitafute tairi. Sasa mtu akikujibu hivyo, unafanya nini? Nilikwenda kutafuta tairi.

Ijumaa baada ya kazi nilikuwa Msamvu, kwenye maduka ya vipuri. Nilitaka kitu kimoja tu: tairi la kudumu, la mtu anayekwenda na kurudi kwenye lami kila siku ya Mungu. Muuzaji wa kwanza akanipa la meno makubwa, akasema hilo ni roho ya paka. Wa pili akacheka, akasema meno kwenye lami yanaisha kama sabuni, nichukue la mistari. Nikauliza la mistari lipi, maana yalikuwa yamening'inia mengi. Akasema kuna gumu na kuna laini. Gumu linadumu, laini linashika. Nikauliza kama hakuna gumu linaloshika. Akaniangalia kwa huruma.

Nikaenda kuwauliza vijana wa bodaboda kijiweni. Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Mmoja alisema siri ni kujaza upepo mpaka lilie, mwingine akasema upepo mwingi ndio unaokula katikati. Wa tatu akasema tairi halina neno, tatizo ni mwendeshaji, na akanitazama tumboni. Kichwa kilijaa. Nikarudi dukani nikasema nipeni gumu kuliko yote. Muuzaji akalipiga ngumi, likamrudisha mkono. "Hili, mwalimu, utamrithisha mwanao," akasema. Neno hilo lilinimaliza. Nikaona nimeshapata cha kumjibu mjomba.

Jumamosi asubuhi nilitoka mjini kwa barabara ya Iringa, tairi jipya likinguruma chini yangu, nikapita Mzumbe na kukata kona ya Sangasanga. Jua lilikuwa kali, lami kavu, pikipiki imetulia. Nilianza hata kuimba. Mlali nilisimama kunywa chai, na mzee aliyeketi karibu akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia ukweni, nimeitwa. Akasema pole. Nikauliza pole ya nini, akaendelea kunywa chai yake.

Baada ya Mlali barabara inainuka, na hewa inabadilika ghafla. Unaacha joto la mjini nyuma yako, unaingia kwenye ukungu, makoti, na mashamba ya kabichi yaliyosimama wima hadi unajiuliza mkulima anajishikiza na nini. Malori ya mboga yalikuwa yanashuka yakienda Dar, nami nilikuwa najibana ukutani mwa mlima yapite. Tairi langu lilipanda bila shida. Nilifika nikiwa na baridi na majivuno.

Hapa lazima nieleze kuhusu mjomba Klemensi. Mama mkwe wangu ni mkubwa kwao, Klemensi ni kitinda mimba. Kaka zao wengine walishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo sauti ya ukoo imemwangukia yeye, na Klemensi ni mdogo kwa Skola, sembuse kwangu. Ana ndevu chache unazoweza kuzipa majina. Anabeba mboga kwa pikipiki, anazitoa mashambani na kuzishusha yanapopakiwa malori. Skola alishanionya: ni mjomba wangu, kwa hiyo ni mjomba wako, utamwamkia. Nilisimama mbele ya kijana yule, nikameza mate, nikasema shikamoo mjomba. Akaitikia marahaba bila hata kupepesa macho.

Tulikaa sebuleni chini ya picha ya Bikira Maria. Mama mkwe alinisalimia kwa mbali, akatuletea ugali, maharage na kabichi, kisha akaketi chumba cha pili, mlango wazi. Walizungumza Kiluguru kupitia ukuta, mimi katikati natafuna. Kila nikisikia jina la Skola nilikuwa naacha kutafuna.

Tulipomaliza kunawa nilianza hotuba yangu. Nilieleza gumu na laini, meno na mistari, nikamkaribisha mjomba nje akalibonyeze tairi mwenyewe. Nikamwambia litadumu miaka. Akalibonyeza kwa kidole gumba, akafuta kidole kwenye suruali. Tukarudi ndani. Hakuuliza neno hata moja juu ya tairi.

Aliuliza, "Siku ile mlipoanguka, uliogopa?"

Nilihisi hapo ndipo napimwa. Mwanamume kaitwa ukweni, anaulizwa kama aliogopa, ajibu nini? Nikanyoosha mgongo. Nikasema hapana, mjomba, mimi ni mzoefu, sikuogopa hata kidogo.

Kule chumba cha pili mama mkwe aliguna. Klemensi akatazama chini kidogo, akasema, "Basi Skola atakuja huku."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikarudia habari za tairi, nikaongeza sauti, nikasema nimeacha lililokuwepo, nimenunua gumu kuliko yote Msamvu. Akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema ana gunia la karoti la kushusha kwenye malori, nimsaidie kwa pikipiki yangu. Nikakubali, kichwa kinaniwaka. Nilikuwa na hasira, nasema kweli. Nilijiona nimehukumiwa kwa kosa nisilolijua, na mtoto mdogo, kwa sheria zisizo za kwetu.

Tulitoka, mimi naendesha, yeye nyuma amekumbatia gunia. Ukungu ulikuwa umeshuka na kulowanisha kila kitu. Mahali penye mteremko mkali wamemwaga zege ili malori yasikwame, na zege lile likilowa linang'aa. Nilikuwa nashuka polepole tu. Chini kwenye kona likatokea lori linapanda, nikashika breki.

Tairi gumu kuliko yote Msamvu halikushika chochote. Liliganda, pikipiki ikateleza nzima nzima kuelekea lile lori, na nikasikia mtu anapiga kelele za kuita mama yake. Dereva akakata kwa ndani, sisi tukapita pembeni na kujigonga kwenye ukingo wa udongo. Karoti zikatawanyika barabarani. Mtu aliyekuwa anapiga kelele nilikuwa mimi.

Klemensi aliinuka, akajikung'uta, akahakikisha nina mikono na miguu yote. Mimi nikakaa chini kwenye tope. Niliwaza kama angekuwa Skola nyuma yangu na tumbo lile. Machozi yakanitoka, mtu mzima.

"Nimeogopa, mjomba," nikasema. "Na siku ile pia niliogopa. Mpaka leo sijalala vizuri."

Alikaa karibu yangu kwenye lile tope. Akasema, "Sasa nimekusikia. Mtu asiyeogopa hawezi kubeba mtu wetu. Wewe umeniletea tairi la kudumu. Mimi nilitaka kujua litasimama wapi."

Tuliokota karoti. Tuliporudi nyumbani alizungumza na dada yake Kiluguru kwa dakika chache, safari hii mama mkwe akacheka, nadhani alisimuliwa ile kelele. Uamuzi ukawa Skola abaki mjini, lakini siku atakayosema anaogopa, Klemensi atashuka kumchukua mwenyewe bila kikao. Nilikubali. Sikuwa na uhakika kama nimeshinda au nimeshindwa, na sikuuliza.

Jumapili baada ya misa nilishuka taratibu mno, hadi wanawake waliobeba mboga kichwani walinipita kwa njia za mkato na kunisalimia tena chini. Mchana nikaingia Msamvu. Nikamwambia yule muuzaji nataka laini, la mistari, linaloshika kwenye maji. Akanikumbusha kwamba kwa safari zangu hilo litaisha upesi. Nikamwambia najua. Akatikisa kichwa, fundi akanifungia, akanipimia na upepo kama ilivyoandikwa kwenye pikipiki yenyewe. Lile gumu nililiacha hapo hapo. Jioni nilimweleza Skola yote, pamoja na kelele. Jumatatu alfajiri alivaa kofia yake ngumu akapanda.

Wanaoniuliza tairi gani linadumu kwenye barabara kuu bado sijui niwajibu nini. Vijana wa kijiweni wananicheka, maana kila baada ya muda mfupi wananiona dukani. Juzi nilimpigia mjomba Klemensi kumwambia limeisha tena, na hili ni la tatu.

"Limeisha lenyewe?" akauliza.

"Lenyewe, mjomba."

"Na ninyi mpo?"

Skola alikuwa mlangoni anamnyonyesha mtoto.

"Tupo," nikasema. "Tupo wote watatu."

"Haya, kanunue jingine."