Kabla ya Kununua, Zima Umeme

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyozima umeme wa karakana nzima makusudi, mbele ya bosi, na sikufukuzwa.

Nisikilize, wewe uliyepewa kazi ya kuichagulia timu yako programu ya kutunza michoro. Najua wauzaji wameshaanza kukuzunguka. Hata sisi walituzunguka. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, watalii wanamiminika Arusha, na kila kampuni inataka magari ya porini yenye paa la kufunguka. Karakana yetu ilikuwa Elerai, mali ya Mzee Kuldip, Kalasinga mzaliwa wa hapahapa mjini. Mimi niliongoza chumba cha michoro. Tulikuwa wachoraji wachache na kompyuta zetu mpya, tunaringa nazo kwelikweli.

Shida ilikuwa majina. Mchoro mmoja uliitwa "mpya", mwingine "mpya kabisa", mwingine "wa mwisho", halafu "wa mwisho kweli". Lomayani, fundi mkuu wa bodi za magari, alikuwa akisimama mlangoni na kipande cha bati mkononi anauliza, "Upi ndio wenyewe?" Kila mmoja wetu anamwonyesha wake. Basi siku moja wakakata paa kwa mchoro wa zamani, na paa likagoma kufunga. Mzee Kuldip alilitazama, akachukua chaki, akaitia kwenye mfuko wa shati.

"Likitokea tena nafunga chumba chenu," akasema. "Tutachora kwa chaki juu ya bati kama zamani."

Hakuwa anatania. Wenzangu walikuwa na watoto shuleni, nami ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kujenga Sombetini. Niliogopa, sikufichi.

Wakaja wauzaji wawili. Wa kwanza, kijana wa suti kutoka Nairobi, alituonyesha gari linang'aa na kuzunguka kwenye skrini. Timu nzima ikatokwa na udenda. Mzee akauliza anasaini wapi.

"Subiri, Mzee," nikasema. "Gari hilo ni lake. Afanye kwa michoro yetu, na fujo zake zote."

Wenzangu wawili wakafungua mchoro uleule kwa pamoja, wakaanza kuurekebisha. Nikaenda ukutani, nikashusha swichi kubwa. Mzee akaniita jina langu lote, na la baba yangu juu yake.

"Mzee, umeme wa hapa huwa unakatika bila kutuaga," nikamjibu.

Nilipourudisha, ile programu ikakataa kabisa kuufungua mchoro, ikidai bado kuna mtu anautumia. Kijana akaomba simu apige Nairobi. Wa pili, mama mmoja kutoka Dar, programu yake haikuwa na urembo wowote. Tukamfanyia vilevile. Yake ilimwachia mmoja arekebishe, mwingine ikamwambia asubiri. Umeme uliporudi, mchoro ulikuwepo, na ule wa zamani umewekewa alama kwamba hautumiki tena. Lomayani akaingia na swali lake lilelile. Safari hii tulinyoosha vidole wote mahali pamoja.

Tukanunua hiyo. Paa lililofuata, Lomayani alilifunga kwa mkono mmoja, akalifungua, akalifunga tena, anacheka peke yake. Mzee Kuldip akamwaga ndoo ya maji juu ya paa hilo, akaingia ndani ya gari, akapapasa viti. Vilikuwa vikavu. Akatoa ile chaki mfukoni, akanipa. Mwanangu, nilitoka na chaki ile kama mtu aliyekabidhiwa kombe.

Kwa hiyo usinunue kwa macho. Waite watakaoitumia, hata wale mafundi wasiogusa kompyuta. Muuzaji afanye kazi kwa michoro yenu, kwenye mashine zenu, halafu zima umeme uone kinachobaki. Wakikuita mkorofi, waache wakuite.

Mungu akupe moyo usioyumba mbele ya vitu vinavyong'aa. Na kila utakachochora kifunge vizuri, mvua ya Meru ikishuka wenzako wakae pakavu.