Kalunguyeye Ndani ya Gunia la Bi Nusra

Usiku ule Bi Nusra hakulala. Alisimama kwenye dirisha la jikoni, kajitanda shali, macho yake kwenye taa ya jirani upande wa pili wa uzio. Taa ilikuwa ikiwaka tangu magharibi, na maadamu inawaka, alijiambia, mgonjwa yu hai.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa kalunguyeye.

Mumewe, Himid, aliteremka kunywa maji akamkuta pale pale. "Ama kweli! Hata mimi nilipolazwa kwa pumu hukukesha hivi."

"Wewe ulikuwa na manesi," akajibu. "Tena wewe sikukutia kwenye gunia."

Bi Nusra kazaliwa Wete, Pemba, na kwao mwanamke hanywi chai kabla hajafagia ua. Mwaka wa ishirini na mbili huu yuko Hayes, kwa Waingereza, anaogesha na kulisha wazee wa watu katika nyumba ya kutunzia wazee, lakini ufagio wake wa chelewa, ulioletwa na shangazi ndani ya sanduku la nguo, haujapata likizo. Ikifika Oktoba miti ikianza kupukutisha, yeye na majani ni vita. Jani likilala uwanjani kwake anaona kama nguo ya ndani iliyoanikwa barabarani.

Mzee Mohinder, jirani yake Singasinga aliyefiwa na mkewe mwaka juzi, alikuwa amemwomba mara mbili. "Dada, niachie majani kidogo nyuma ya banda lako. Kuna mnyama anatafuta pa kulala mpaka baridi iishe."

"Sawa, kaka," Bi Nusra alijibu mara zote mbili, kwa adabu, huku akijua hatayaacha. Jumamosi mawifi walikuwa wanakuja kwa maulidi. Wifi gani akaone lundo la taka nyuma ya banda asilisimulie mpaka Chake Chake?

Basi Alhamisi asubuhi aliyazoa yote, kavu na bichi, akayashindilia kwenye magunia manne, akayafunga kamba, akayapanga mbele ya nyumba kungojea lori la manispaa kesho yake.

Alasiri binti yake, Sundus, akarudi shule. Mtoto huyu Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Akasimama mlangoni na begi mgongoni. "Mama, gunia lako linakoroma."

"Gunia halikoromi. Ingia ndani ule."

"Njoo usikilize mwenyewe!"

Bi Nusra akatega sikio. Likawa linakoroma kweli. Walipolifungua na kuchakura walikuta kidonge cha miiba, kidogo kuliko nazi, kimejikunja na baridi kama jiwe la kisimani.

Sundus akamkimbilia Mohinder, naye akaja na taulo. Walimpima mnyama kwenye mizani ya jikoni, ile ya unga wa maandazi: gramu mia nne na ushei.

"Mwepesi mno," alisema Mohinder. "Kuvuka baridi anataka kama mia sita."

"Nimpashie maziwa?"

"Usimpe maziwa, dada! Yatamharibia tumbo. Tulichomfanyia leo kinatosha."

Alisema "tulichomfanyia", wala si "ulichomfanyia", na adabu ile ilimchoma Bi Nusra kuliko tusi. Mohinder akampigia simu mama mmoja anayeokoa wanyama wa bustanini. Huyo akasema awekwe kwenye boksi, pembeni chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Akiamka akala kabla ya asubuhi, atapona. Asipokula, basi. Mohinder akaingia kwake na boksi, akafunga mlango taratibu. Sundus akapanda juu bila kula.

Saa saba za usiku taa ya Mohinder ikazimika.

Bi Nusra akaanza "Inna lillahi", akakatiza katikati, hajui kama inafaa kwa kalunguyeye. Kukaa hakuweza. Akavaa koti la Himid, akachukua tochi, akaburura magunia mpaka nyuma ya banda na kuyamwaga yote manne. Akaweka vijiti chini, majani juu, akaacha upenyo wa kuingilia upande usio na upepo. Mkono ulimuuma kama anayemwaga wali uliokwisha kuiva.

Dirisha la juu likafunguka. "Nusra! Unamwaga taka uwanjani mwako usiku? Marehemu mamako angekuona!"

"Angenipiga. Lala wewe!"

"Na mawifi?"

"Mawifi watakula pilau na watatazama ukutani!"

Alipokwisha kuswali alfajiri hakungoja kupambazuke. Akapita kando ya uzio, akabisha kwa Mohinder. Akabisha tena, akausogeza uso kwenye kioo, haoni kitu ila giza la ukumbini. Huyu mzee saa kumi na mbili huwa kesha kunywa chai yake. Bi Nusra anajua, kila siku huona mvuke dirishani. Leo hata mvuke hakuna. Akataka kurudi. Akabisha mara ya tatu, kwa kiganja.

Komeo likalia. Mlango ukafunguka, na Mohinder akasimama pale na soksi zake, kilemba hakijakaa sawa, kidole cha shahada kimefungwa plasta.

"Nilimzimia taa ale kwa utulivu, nikapitiwa na usingizi, dada," akasema, na ndevu zote zinacheka. "Ameniuma! Kamaliza sahani ya chakula cha paka, akaona na mimi nimo. Ingia, ingia upesi, baridi isimpige."