Leleshwa Ndani ya Gunia

Mugure wa Kiamunyi hakuamini kitu ambacho hakukifunga kwa mikono yake mwenyewe. Hata maziwa ya ng'ombe wake aliyapima mara mbili. Basi siku alipofungua gunia la maharagwe ya mbegu akakuta yamechanganywa na majani makavu yaliyopondwa, aliita kwa ukali.

"Cherop! Ni nini hii umetutilia?"

"Ni leleshwa, mama," mke wa mwanawe akajibu. "Kwetu tunaweka hivyo ili wadudu wasitoboe."

Kwetu! Neno hilo ndilo lililomwasha. Leleshwa ni kichaka cha kuchoma makaa, tangu lini kikawa dawa? Mkaza mwana anayetia majani kwa chakula bila kuuliza ana lake jambo. Mugure hakubishana. Alichota debe moja, akapepeta kwa ungo mpaka lisibaki jani hata moja, kisha akalificha chini ya kitanda chake na mlango akautia kufuli.

Mvua ya Machi ilipokaribia, kila mmoja alitoa mbegu zake uani. Za gunia zilikuwa nzima, zinang'aa. Za debe zilimwagika pamoja na unga, kila punje na tundu lake, wadudu wakimpanda Mugure vidoleni.

Cherop alichota za gunia. Alimsogezea ungo uliojaa mbegu safi.

Mugure aliupokea, akaunusa, akamkazia macho.

"Nilijua tu," akasema. "Uliwafukuza wadudu huko guniani ili waje kwangu."