Viazi vya Kuchoma Vyaijaza Shule ya Kitsukawa

Saa tisa alasiri, mwanzoni mwa Aprili, Yasue Nakamichi amepiga magoti mbele ya kabati la viatu la Shule ya Jioni ya Kitsukawa, nje kidogo ya Osaka. Anabandika majina ya wanafunzi, kila mmoja na kijisanduku chake cha kuwekea viatu. Mwaka huu ni ishirini na watatu. Kijisanduku kimoja anakiruka kwa makusudi.

Yasue, 58, ni mhudumu wa shule hii ndogo ya serikali, inayowapokea watu wazima ambao hawakumaliza masomo. Februari walikuwa kumi na wanne tu. Manispaa ilishasema: wasipofika ishirini kabla ya Machi kwisha, shule inafungwa.

"Nilimfikiria mwanafunzi wetu, Bibi Bak," anasema. "Ana miaka 81. Shule nyingine kama hii ni mwendo wa saa nzima kwa treni, na majina ya vituo ndiyo kwanza anajifunza kuyasoma."

Yasue na walimu walibandika matangazo mia tatu. Hakuja mtu.

Siku moja, akipaka gundi tangazo la kituo cha basi, akang'amua kosa lao. Walikuwa wakiwaandikia watu wasiojua kusoma.

Mdogo wake, Kunihiro, huuza viazi vitamu vya kuchoma kwa gari lenye kipaza sauti. Alipoombwa aitangaze shule, alisita.

"Dada, wateja watadhani viazi vyangu vina mtihani."

"Watakula tu. Wewe tangaza."

Kwa wiki tatu gari lilizunguka vichochoroni likinadi viazi vya moto na shule ya bure, umri wowote. Wakajitokeza wapishi wawili Wanepali, mama mmoja Mfilipino, vijana watatu walioacha shule kwa kuonewa, na bibi wawili walioingia kiwandani wakiwa wadogo.

Wa tisa alikuwa Mzee Shigematsu, fundi bomba wa miaka 74. Aliingia na kiazi mkononi. Yasue akamuuliza kama hakuliona tangazo la kituoni.

"Nasimama mbele yake kila asubuhi," alijibu mzee. "Nilidhani ni la daktari wa meno."

Barua ya manispaa, inayoruhusu shule iendelee, sasa iko ukutani. Mwakani Yasue anataka wanafunzi thelathini na kabati la pili.

Na kile kijisanduku kitupu?

"Cha Mzee Shigematsu," anasema, akifunga chupa ya gundi. "Amenikataza nisimwandikie. Ataandika mwenyewe kabla Aprili haijaisha."