Biasha na Mikeka Iliyopewa Pole

Biasha binti Omary wa Msimbu alikuwa na simu, ukindu na kichwa kigumu. Wateja hakuwa nao. Wateja walikuwa wa mama yake, Sada, na Sada alizikwa kabla ya mvua za vuli. Watu wa Kisarawe waliozoea kumwona na mikeka begani hawakujua wamtafute nani tena.

Uani walibaki wawili. Biasha alitia ukindu rangi na kuusuka mashupatu, ile mikanda mirefu. Yasmin, jirani yao, aliyashona yakawa mkeka. Siku moja Yasmin alichomeka sindano kwenye shupatu, akasema:

"Shoga, mwezi ukiandama naenda Mlandizi kwa dada. Nitakaanga mihogo. Mihogo inaliwa na kulipwa leo hii hii."

"Na mimi nani atanishonea?"

"Simu yako."

Mwingine mwenye mkono ule hakuwepo. Yasmin akiondoka, kazi ya Sada imekwisha. Biasha akaapa haiishi.

Alikuwa amehudhuria semina ya akina mama kule Kibaha. Mwalimu wao, Marselina, aliwaambia kuwa ukiingia mtandaoni ukaanza kuuza kabla ya salamu, watu wanakukimbia. Biasha alilisikia, hakulishika. Alikuwa akiposti mikeka imekunjwa chumbani, gizani, na maneno "Inauzwa, bei njoo inboksi." Laiki zilikuwa chache, na moja ilikuwa ya kwake mwenyewe.

Safari hii aliamua kuonyesha mzigo wote. Asubuhi, jua halijawa kali, akatandika mikeka uani, ubavu kwa ubavu. Akaita majirani wakae juu yake, ionekane inabeba watu. Wakajitanda kanga. Yasmin akawaonya wasikenue meno. Mzee Omary, baba yake, akakaa pembeni kwenye kigoda, mkono shavuni, kama anavyokaa tangu afiwe na mkewe. Biasha akapiga picha, akaandika "Msimbu leo", akaiposti, akaenda kuchota maji.

Aliporudi, simu ilikuwa inatetemeka dirishani.

"Poleni sana wafiwa."

"Inna lillahi. Nani tena?"

"Maziko saa ngapi? Sisi tuko Kibaha."

Yasmin alicheka mpaka akakaa chini. "Umetuua wote, shoga! Na mimi nimo!"

Biasha alitaka kuifuta. Baba yake akamzuia.

"Mtu kakupa pole," alisema. "Mjibu kwanza."

Siku za msiba wenyewe mzee alishika mkono wa kila aliyekuja, hata asiyemjua. Pole katika nyumba ile haikuachwa hewani. Basi Biasha akakaa chini, akajibu mmoja mmoja, kwa jina.

"Ahsante, kaka Deus. Leo hatujafiwa. Mama alishatangulia, na hii ni mikeka ya mkono wake, tunaiendeleza. Nyumbani kwenu mnatandika mkeka wa rangi gani?"

Aliyeuliza bei alitajiwa pale pale, mbele za watu. Wakacheka, wakatumiana ile picha. Mmoja akasimulia mkeka wa bibi yake. Mwingine akataka kuona unavyoshonwa.

Kesho yake Biasha aliegemeza simu kwenye kinu, ikatazama mikono ya Yasmin tu. Yasmin hakujua kama na sauti inachukuliwa.

"Wanataka kuona nini? Sindano? Kwani wao nguo zao wanashona kwa mate?"

Kipande kile cha video kilitembea kuliko picha zote. Watu wakauliza, huyo mama mwenye mdomo ni nani? Biasha akaelewa wanafuata nini. Kila jioni, watu wakishatoka makazini, aliweka kipande kifupi, akauliza swali moja, akabaki hapo kujibu. Bando lote alilitunzia kazi hiyo.

Ndipo Petronila, mwenye shule ya chekechea Mlandizi, akauliza hadharani: "Hiyo rangi nyekundu, nikifua mkeka, haitoki ikachafua watoto?"

Yasmin akanong'ona: "Sema haitoki. Akishachukua, kashachukua."

Mwezi ulikuwa unakaribia kuandama. Na Biasha alijua kuwa rangi ile maji ya kwanza inatoka. Alileta beseni, akawasha kamera mubashara, akatumbukiza mkeka mbele ya watu wote. Maji yakageuka mekundu. Yasmin akafumba macho.

"Dada Petronila, umeona mwenyewe," Biasha alisema. "Maji ya kwanza inatoka." Akamwaga, akatia mengine, akasugua. Safari hii yakabaki safi. "Ya pili haitoki. Lakini kwa watoto, mimi ningekushonea usio na rangi."

Biasha hakuizima simu. Akangoja, mikono inachuruzika.

Jibu likaja. Akalisoma kwa sauti, maana Yasmin macho yalikuwa bado yamefumbwa: "Nishonee isiyo na rangi, ya darasa zima. Na ashone huyo huyo mwenye mdomo."

Yasmin akafumbua macho. "Watoto wenyewe wakubwa au wadogo?"

"Si umuulize."

Yasmin akajifuta mikono, akatengeneza kanga, akaisogelea kamera mno mpaka ikaonekana pua tu.

"Petronila! Shikamoo, au tuko sawa? Hilo darasa lako lina upana gani? Hujui? Nenda kapime, mama. Nakungoja hapa hapa."