Kifuta Machozi cha Razanamavo

Wivu wa Razanamavo ulijulikana mpaka sokoni. Mimi nilikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mjane, meno ya mbele yamekwenda, na hata mimi sikusalimika. Siku moja mumewe, Ratsimba, alinisaidia kubeba mtungi wa maji. Kesho yake Razanamavo alinijia mlangoni, mikono kiunoni.

"Shoga, mtungi wako umeanza kuwa mzito lini?"

"Tangu nizeeke."

"Basi uwe unajaza nusu."

Alikuwa mfumaji wa hariri, na huku kwetu nyanda za juu hakuna aliyemfikia. Watu walitembea kutoka mbali kuja kuagiza sanda kwake. Lakini hakujaliwa mtoto, na mwanamume mwenye mashamba ya mpunga ambaye mkewe hazai haulizwi kama ataongeza mke. Anaulizwa lini. Mama mkwe aliuliza kila mwaka mpya kwenye Sikukuu ya Kuoga, mbele ya watu, na Ratsimba alicheka tu akasema, "Bado." Hilo "bado" ndilo lililomla Razanamavo. Alikuwa akinusa shuka la mumewe kila akirudi shambani. Nilimwonea huruma, na mara nyingine nilitamani kumzaba kofi.

Mwaka huo Malkia alianzisha msako. Watu waliosali sala za wageni na kukataa kuapia hirizi za ufalme walitangazwa kuwa wahaini, wakakimbilia maporini. Mpiga mbiu alisimama sokoni akasema wazi: atakayemficha mhaini atakufa naye, na mkewe atauzwa utumwani. Askari wakawa wanapita kijiji kwa kijiji na ule Mkuki wa Fedha tunaouita Mchukia Uongo. Ukichomekwa mlangoni pako, hatoki mtu wala haingii mpaka umejibu. Na ulichojibu mbele yake ndiyo kweli, hata ulie vipi hakifutiki.

Kila nyumba ilikuwa na hofu yake. Ya Razanamavo ilianzia kwenye kuku.

Kwetu kuku hagawanywi ovyo. Mapaja ni ya watoto, na kitako ni cha mkubwa kuliko wote wanaokula. Nyumbani kwake kitako kilikuwa cha Ratsimba. Basi siku moja alimpikia kuku, akamwona mume anakitoa kitako kwenye sahani yake, anakifunga kwenye jani la mgomba pamoja na wali, anasema atakula shambani. Razanamavo alinijia mbio.

"Kitako, shoga! Amebeba kitako!"

"Labda hana njaa sasa hivi."

"Paja ningeelewa. Paja mtu anampa kimada. Kitako unampa nani? Unampa anayekuzidi! Ina maana ameniletea mkubwa wangu!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alifunga shuka lake vizuri akamfuata mumewe, jua kali likiwaka.

Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe aliporudi. Ratsimba hakwenda shambani. Alikwenda kwenye mahame ya kijiji cha zamani, akavuka handaki, akasogeza jiwe lililofunika shimo la mpunga ambalo halitumiki tena. Ukatoka mkono wa mwanamke, kisha kichwa chake. Razanamavo aliruka kutoka kichakani.

"Ndiye huyu! Toka, nikuone vizuri!"

Ratsimba akapiga magoti. "Mke wangu, punguza sauti, tutakufa wote. Huyu ni Ravaonoro, ana mumewe. Mumewe yumo humo chini. Ni Rabesaina, tulichanjiana damu vitani, na hapa hakuna anayejua. Kitako ni chake yeye, amenizidi umri. Wanatafutwa na Malkia. Sasa nimo mikononi mwako."

Mtu mwingine angetetemeka. Razanamavo alikaa kwenye mkeka wangu akasema, "Ana shingo ndefu."

"Watu wanawindwa kama nguruwe mwitu, wewe unaangalia shingo!"

"Nina macho, shoga."

Nilimwapisha afunge mdomo, akaufunga. Tena kuanzia siku hiyo chakula alikipeleka yeye mwenyewe. Alisema ni kwa sababu mwanamke mwenye kikapu hashukiwi. Haya. Sababu ya kweli mimi naijua, na wewe unaijua. Ratsimba hakukanyaga tena kule.

Mvua zikaanza. Shimo la mpunga likilowa hewa yake huharibika, ndiyo maana watu wenye akili hutanguliza taa kabla ya kushuka. Lakini wale watu walikuwa wanaishi humo.

Asubuhi moja nilikuwa kwa Razanamavo namsaidia kukunja nyuzi. Alikuwa anamalizia kitambaa ambacho hakukiuza kwa yeyote. Alikifuma kipana, rangi ya damu ya mzee, sanda ya watu wawili. Alitaka yeye na Ratsimba wakifa wafungwe humo pamoja, asipate nafasi mtu mwingine. Nilikuwa nikimtania kwamba amepanga kumlinda mumewe mpaka kaburini, akanijibu, "Huko ndiko kuna wanawake wengi zaidi."

Ndipo Ravaonoro akaingia uani, mchana kweupe, miguu imejaa matope, nywele zake zimefumuliwa zote. Kwetu mwanamke hafumui nywele nje ya nyumba ila kwa msiba. Hakuhitaji kutuambia kwamba Rabesaina hakuamka. Alikwenda moja kwa moja kwa Ratsimba aliyekuwa anachonga mpini, akamwangukia kifuani. Ratsimba akatupa mpini akamshika.

Sijui nani aliyewaona askari kwanza. Najua walikuwa wameshapita lango la jiwe la kijiji na ofisa wao alikuwa mbele, na Razanamavo alikuwa ameshainuka kwenye mtande. Alizikamata zile nywele kwa mikono miwili akazivuta mpaka mwenzake akaanguka.

"Hapa hapa uani kwangu! Mbele ya macho yangu!"

Ofisa alichomeka Mkuki mlangoni. Sote tukaganda, ila Razanamavo hakuachia nywele.

"Nani amekufa?" ofisa akauliza. "Mbona huyu nywele ziko wazi?"

"Hajafa mtu bado!" Razanamavo alijibu akihema. "Nimezifumua mimi, na nitazing'oa!"

Askari wakaangua kicheko. Ofisa yeye hakucheka. "Na huyu ni nani?"

Hapo nilimwona Razanamavo anatazama ule Mkuki, kisha mumewe. Neno lenyewe ndilo alilolikimbia tangu aolewe. Akalitamka kwa sauti ya kusikika.

"Ni mke mdogo wa mume wangu."

"Kifuta machozi umepewa?"

Mjanja yule. Bila mke mkubwa kupewa kifuta machozi na kukipokea, hakuna ndoa, na kama hakuna ndoa, mwanamke mgeni uani ni wa kuhojiwa.

"Hajanipa kitu! Ndiyo sababu tunapigana!"

"Basi, mzee, mpe sasa hivi tushuhudie, tuwe na amani."

Ratsimba aligeuka huku na huku. Kitu cha hadhi ndani ya nyumba ile kilikuwa kimoja tu. Alikwenda kwenye mtande akaikata ile sanda ya wawili, akamwekea Razanamavo mabegani. Akafutwa machozi kwa kazi ya mikono yake mwenyewe.

"Nimepokea," akasema.

"Mchukia Uongo amesikia," ofisa akasema, akang'oa Mkuki. Wakala wali wetu, wakamtania Ratsimba kwamba msako wao ni mwepesi kuliko nyumba yake, wakaenda zao kupiga kambi bondeni.

Walipotoweka nilimshika bega. "Shoga, akili ile umeitoa wapi upesi vile?"

"Akili gani? Niliposhika zile nywele, askari nilikuwa sijawaona."

Jua halijatua alimkalisha Ravaonoro chini akamsuka, maana askari walikuwa karibu na mke mpya hakai nywele wazi. Mjane alisukwa siku ya msiba wake, na Razanamavo alikuwa anavuta kweli kweli. Alfajiri yeye na Ratsimba waliibeba ile sanda, wakamfunga nayo Rabesaina, wakalifukia shimo. Nilimuuliza Razanamavo kwa nini asitoe kitambaa kingine. Akasema, "Nitalala na Ratsimba vipi humo sasa?"

Kilichosemwa mbele ya Mkuki hakirudi. Majirani walishasikia, mama mkwe alishapiga vigelegele. Mwanzoni Ratsimba alikuwa akilala peke yake karibu na jiko, kwa heshima. Baadaye wakagawana zamu. Ravaonoro akazaa mtoto wa kiume, kisha wengine. Kila kuku alipochinjwa, Ratsimba alikitoa kitako kwenye sahani yake akakiweka kwenye ya Razanamavo, na Razanamavo alikula polepole, anamtazama mwenzake machoni. Hakumsamehe kuwa na shingo ile, wala hakuitoa siri yake.

Malkia alipokufa, wanawake wote wa nchi tuliamriwa kufumua nywele. Ravaonoro alizifumua zake akakaa uani akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia. Wapita njia walisimama wakamsifu: tazama mwanamke anavyompenda Malkia wake! Mimi na Razanamavo tulikuwa kizingitini, nywele zetu za mvi mabegani.

"Mwache alie," nikasema. "Amesubiri miaka."

"Namwonea wivu," Razanamavo akasema.

"Hata leo? Wivu wa nini?"

"Yeye aliwahi kuwa na mume wake peke yake, mpaka akamzika. Tena kwenye sanda yangu."