Mama Mchungaji Alipobisha Hodi Ofisini

Mchungaji alikuwa mtu wa watu. Mgonjwa akizidiwa, aliitwa yeye. Mke na mume wakivuana nguo kwa maneno, aliitwa yeye. Hata mbuzi wa jirani alipotumbukia kwenye shimo la choo kipya, mtu alikimbia kwanza kumwita mchungaji, ndipo akakumbuka kutafuta kamba. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, wa barabara moja ya lami na vichochoro vya vumbi. Kanisa lilikuwa nyuma ya gereji, kwa hiyo Jumapili mahubiri yalichanganyika na nyundo za mafundi wasiojua siku ya mapumziko.

Nyumba yake ilikuwa uani mwa kanisa, na chumba cha mbele ndicho kilikuwa ofisi: meza, viti, kabati la vitabu lililoegemea ukuta kama mtu aliyechoka. Mlango mmoja ulitazama nje, ili waumini wenye shida zao wasilazimike kupita sebuleni na macho mekundu. Mwingine uliingia jikoni, na huo ulikuwa wa mkewe, ambaye aliugonga kwa kiwiko kwa sababu mikono ilishika chai.

Mkewe, ambaye mji mzima ulimwita Mama Mchungaji, alikuwa na kazi ambayo hakuna aliyempa: kukohoa. Mumewe alijaliwa ulimi mtamu lakini usio na breki. Mahubiri yakirefuka, Mama Mchungaji alikohoa pale benchi la mbele, kikohozi kikavu cha heshima, na mchungaji akasema, "Na kwa kumalizia." Akikohoa tena, alimalizia kweli. Kanisa zima lilijua, na walioacha vyungu jikoni walimshukuru kimoyomoyo.

Ndiyo maana waumini waligundua mabadiliko kabla ya mume. Mahubiri yalirefuka, na kikohozi hakikuja. Mama Mchungaji aliketi akitabasamu huku akiangalia dirisha. Jumapili moja baada ya ibada alimshika mkono mama mmoja, akamwuliza habari za mumewe. Huyo mume walikuwa wamemzika mwaka uliopita, na Mama Mchungaji mwenyewe ndiye aliyelala chini kwenye mkeka pamoja na mjane siku zote za msiba. Mjane akajibu kwamba mume hajambo, anasalimu. Kisha akaenda kulia nyuma ya kanisa.

Nyumbani nako mambo yalianza kwenda kombo. Sufuria ziliungua, chai ikatiwa chumvi, Mama Mchungaji akatoka kwenda sokoni akarudishwa na muuza mkaa aliyemkuta amesimama njia panda. Mchungaji alisema ni uchovu. Binti yao, fundi cherehani aliyekuwa na kibanda chake karibu na stendi, hakukubaliana naye.

"Baba, huu si uchovu," alisema. "Tumpeleke hospitali, au nimpeleke peke yangu."

Daktari aliwaeleza taratibu kwamba ni ugonjwa wa ubongo, kwamba aliyosahau hayatarudi na mengine yataendelea kuondoka, na kwamba dawa kubwa iliyobaki ni kuwa naye. Mchungaji alimshukuru, akamwombea daktari mwenyewe, na mchana huohuo akaenda kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba. Aliita wazee wa kanisa wakamwekea mkewe mikono. Alifunga, akaomba kwa machozi ya rohoni. Usoni hayakutoka, hayakuwahi kutoka.

Halafu ikaja siku ile. Ilikuwa alasiri, joto limetulia, mchungaji anaandaa somo la ibada ya katikati ya wiki, akasikia hodi kwenye mlango wa nje. Akakaribisha bila kuinua kichwa. Aliyeingia alikuwa mkewe, amevaa gauni la Jumapili na kitambaa cha kichwani, mkoba mkononi.

"Bwana asifiwe, mchungaji," alisema.

Mchungaji alitaka kucheka, maana mkewe alikuwa mtu wa utani. Lakini yeye aliketi ukingoni mwa kiti, kama wanavyoketi waliokuja kwa mara ya kwanza, akaweka mkoba magotini na kuushika kwa mikono miwili.

"Nimekuja kwa shida ya nyumbani," alisema. "Naomba yasitoke humu ndani."

"Hayatatoka," alijibu mchungaji. Maneno yalijisemea yenyewe, kwa mazoea.

Mkewe akaanza kumweleza. Alisema mumewe ni mtu mzuri, halewi, hapigi, hatangitangi. Ila ni wa kila mtu. Baada ya binti yao walijaliwa mtoto wa kiume, na homa ilimshika akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutamka. Siku hiyo mumewe alikuwa kijiji cha mbali kwenye mazishi. Mke alimtumia mtu kumwambia mtoto amezidiwa, naye akajibu kwamba atakuja wakishamaliza kufukia kaburi. Alipofika, mtoto alikuwa tayari amepoa. Mume akaomba sala nzuri, kila aliyekuwepo akapata nguvu. Jumapili iliyofuata akamhubiri mtoto huyo madhabahuni, watu wakalia na kumsifu Mungu.

"Aliwafariji wote, mchungaji," alisema. "Zamu yangu haikufika."

Mchungaji alitaka kusema, mke wangu, ni mimi. Alichoweza ni kumwuliza angependa mume aambiwe nini.

"Mwambie akae nami siku moja tumtaje mtoto. Tangu siku ile jina lake halijatajwa nyumbani." Akafikiri kidogo. "Lakini usimkaripie. Moyo wake si mbaya."

Akashukuru, akatoka kwa mlango wa nje, akazunguka nyumba. Punde mchungaji akamsikia jikoni akimwuliza binti kama baba amekula.

Mchungaji alifungua mlango wa ndani, akamfuata. Alimshika mikono mbele ya binti yao, akamwomba msamaha kwa ajili ya mtoto wao. Mkewe akamtazama kwa mshangao. Mtoto gani tena, na binti ndiye huyu hapa mzima? Akacheka, akamvutia kiti, akamwambia ale kwanza kwa sababu amekonda. Msamaha aliouomba haukuwa na wa kuupokea.

Mkewe alirudi tena ofisini, wiki nyingine, na nyingine. Kila mara alikuja kama mgeni, na kila mara alianza upya, mkoba magotini. Mchungaji akajifunza kumsubiri. Waumini wakija alasiri aliwaomba waje asubuhi. Alimsikiliza mkewe kuliko alivyowahi kumsikiliza katika ndoa yao yote, na kila mkewe alipotoka, yeye alibaki pale kitini, kitabu wazi mbele yake, hasomi neno.

Siku moja, kabla hajaanza kueleza, mchungaji alisema, "Nimeongea na mumeo."

Akainua uso. "Alisemaje?"

"Alisema una haki. Alisema siku ile hakubaki makaburini kwa sababu ya kazi. Aliogopa. Kule alijua la kusema. Nyumbani hakujua."

Mama Mchungaji aliuweka mkoba sakafuni. Nje fundi mmoja wa gereji alikuwa anajaribu kuwasha injini iliyokataa kuwaka.

"Alisema mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Hapo mchungaji akalia. Hakujikaza, na hata angejikaza asingeweza. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika. Mkewe akainuka, akaizunguka meza, jambo ambalo hakuna muumini aliyewahi kulifanya, akamfuta uso kwa ncha ya kitambaa chake.

"Pole, mchungaji," alisema. "Shida za watu zinakuelemea. Nenda nyumbani ukapumzike. Huna mke?"

"Ninaye."

"Basi nenda kwake."

Jumapili iliyofuata aliwaita wazee wa kanisa baada ya ibada, akawaambia anaacha kazi. Hawakulipokea vizuri. Mzee wao, muuza vipuri vya baiskeli, mtu wa sauti nzito, alimkumbusha kwamba bado ana nguvu, kwamba mtumishi hastaafu kwa ugonjwa wa mke, kwamba kuna wasichana wangeweza kuajiriwa kumtunza mama. Mwisho akamwuliza kwa huzuni ni nani sasa atawazika wao.

"Atapatikana," alisema mchungaji. "Mke wangu hana mwingine."

Walihama nyumba ya kanisa, wakaingia vyumba vya nyuma ya kibanda cha binti. Yule aliyekuwa akipelekewa chai alijifunza kuwasha jiko, na alijifunza kwa tabu. Maharage yake yaligonga kwenye sahani kama kokoto. Alijifunza kumwogesha mkewe, kumfunga vifungo, kumsuka nywele mistari iliyopinda hivi na vile mpaka binti akaacha cherehani na kucheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka baada ya miezi mingi.

Na kila alasiri walikaa kibarazani, mchungaji akalitaja jina la mtoto.

"Huyo wa nani?" mkewe aliuliza.

"Wetu."

"Alikuwa mzuri?"

"Mzuri sana."

Zaidi ya hapo mchungaji hakuwa na la kusimulia, maana alikuwa hamjui sana. Alimwona akiwa amelala, alfajiri akiondoka na usiku akirudi. Ilikuwa aibu kuligundua hilo uzeeni. Lakini siku moja, bila kuulizwa, mkewe alisema kwamba mtoto yule alikuwa anaogopa mvua ikipiga bati. Siku nyingine akasema alikuwa anawaita kuku wote "tutu". Yalitoka kwa nadra, moja baada ya ukimya mrefu. Mchungaji aliyapokea akiwa ameinama mbele, asipitwe. Kisha hata hayo yakakoma. Mama Mchungaji aliacha kusema kabisa, akabaki anashika mkono wa yeyote aliye karibu.

Alifariki mchana, amelala, baada ya kula kidogo.

Kwenye mazishi alihubiri mchungaji mpya, kijana mwenye sauti ya kutetemeka. Watu walimwangalia mchungaji wao mzee pale alipoketi na wafiwa, wakisubiri ainuke awatie moyo kama siku zote. Yule mzee wa kanisa, muuza vipuri, alimwinamia akamwomba aseme walau maneno machache. Alitikisa kichwa. Aliketi akilia mbele ya mji mzima, na hakuna aliyejua afanye nini na mtu huyo, isipokuwa binti yake, aliyemwegemea begani.

Watu walipotawanyika, alimwomba binti amwonyeshe kaburi la mdogo wake. Hakuwa na uhakika tena lilipo. Binti alikuwa na uhakika. Yeye na mama yake walikuwa wakija kulipalilia, hawakuwa wamemwambia. Lilikuwa upande wa pili wa makaburi, karibu na ua. Mzee alipiga magoti kwa shida, akaanza kung'oa nyasi, na binti akachuchumaa upande wa pili akamsaidia.

"Ulikuwa umeshaanza shule alipofariki," alisema mzee. "Unakumbuka nini?"

Binti alifuta mikono kwenye gauni. Alifikiri.

"Alikuwa hapendi viatu," alisema. "Mama akimvalisha, alinifuata mimi nimvue."

"Endelea," alisema baba yake.